Shule Poti, kwa Susu Nepi

Viatu vyangu vya kazi vilikuwa vya plastiki. Hilo ndilo jambo la kwanza ningemwambia mtu yeyote anayeanza kufundisha bebi klasi, kabla hata hajaonyeshwa chaki ziko wapi: nunua viatu vya kuoshwa. Vya ngozi utavililia. Mimi nilivililia vyangu siku ya kwanza, na vilikuwa vipya.

Juzi mliponiaga, mkanipa leso na thermosi na keki yenye jina langu limeandikwa vibaya, Mwalimu Kasyoka alinivuta kando nyuma ya jiko la uji. Akaniambia, "Mwalimu, hii mambo ya choo umekuwa ukitufanyia miaka yote, sasa nani atafanya? Tuandikie basi, hata kama ni kidogo." Nikasema nitaandika. Mimi ni msomi wa ngumbaru, nilisoma jioni nikiwa mama wa watoto, na sisi wa ngumbaru tukipewa kalamu huwa haturudishi. Vyeo na mshahara nimeviruka. Vyeo havikunifikia, na mshahara ulikuwa unapita mbio hata sura yake siikumbuki.

Nilianzia Mbooni, juu kabisa, shule imekalia mteremko kama mbuzi. Asubuhi ukungu unaingia darasani bila hodi. Siku hiyo ya kwanza watoto walikuwa wanalia wote pamoja, nadhani walisikika mpaka mjini Wote, na katikati ya kilio mmoja akajikojolea. Basi ikawa kama ameinua bendera. Wengine wote wakafuata. Sakafu ilikuwa na mteremko wake, kwa hiyo mkojo wote wa darasa ukatiririka kuelekea mlangoni, mahali nilipokuwa nimesimama na viatu vyangu vya ngozi nikitabasamu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Kalondu, mama mzito mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa amefundisha pale tangu dunia iumbwe. Alikuja na ndoo ya jivu, akamwaga, akafagia, hakunicheka. Pua ya mama huyo ilikuwa inajua ni mtoto gani kabla mtoto mwenyewe hajajua.

"Wewe unawaangalia uso," akaniambia. "Uso wa mtoto hauna habari. Angalia miguu."

Kweli, habari iko kwenye miguu. Mtoto anayetaka kwenda haja huvuka miguu, hunyamaza ghafla katikati ya mchezo, husimama kwa vidole. Akitaka ile kubwa huenda nyuma ya mlango, anajificha, anakunja uso kama mzee wa kanisa anayetafuta noti ndogo. Kalondu alifurahi sana akimwona mtoto anajificha. Alisema huyo sasa ameanza kujua kwamba kuna kitu kinatoka, na kinatoka kwake.

Wazazi wanapenda kuuliza umri. "Mwalimu, ana miaka miwili, mbona bado?" Umri si kitu. Wengine huwa tayari kabla ya kufika miwili na nusu, wengine wanapita mitatu, na wote wakifika darasa la kwanza huwezi kujua nani ni nani. Angalia kama anakaa mkavu muda mrefu, kama anaamka usingizi wa mchana nguo bado kavu. Angalia kama unaweza kumwambia "lete kikombe" akaleta kikombe. Angalia kama nguo ikilowa inamsumbua, anaivuta, anakuja kukuonyesha. Na je, anaweza kuchuchumaa na kuinuka mwenyewe, na kuteremsha suruali? Mtoto aliyefungwa mshipi na vifungo vya kila aina hata akijua atachelewa. Mvisheni kaptura ya lastiki. Nimesema hivyo kwenye mikutano ya wazazi mpaka koo likaota kutu, na bado wanawaleta wamefungwa kama mizigo ya Mombasa.

Poti tulitengeneza wenyewe. Unachukua mtungi wa mafuta ya kupikia, unaukata, unapitisha kisu cha moto kwenye ukingo ili usikwaruze, halafu unazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mtoto akikaa, nyayo zake zote mbili lazima zikanyage chini. Akining'inia hawezi kusukuma. Choo cha shimo ni cha baadaye, na ukimpeleka mpeleke ukiwa umemshika, kwa sababu lile shimo machoni pake ni kubwa kuliko yeye, na giza lake halina mwisho. Hata mimi mtu mzima kile choo cha Mbooni nilikuwa nakiingia nikiwa nimeomba.

Kalondu alikataza kuuliza. "Ukimuuliza mtoto kama anataka choo, atasema hapana. Hata akiwa anakufa atasema hapana. Sema twende." Kwa hiyo baada ya uji tulisema twende, kwa sababu uji ukiingia tumbo linaamka. Baada ya kulala, twende. Kabla ya kupanda boda boda ya kurudi nyumbani, twende. Akitoa kitu, tunamsifu kidogo na tunaendelea na kazi. Asipotoa, tunaendelea na kazi.

Na fimbo hapana. Hapa sitanii. Kulikuwa na baba mmoja pale aliyemchapa kijana wake kwa kujinyea, akamchapa tena kwa kulia. Mtoto akajifunza, lakini alichojifunza ni kujizuia. Alikaa hivyo mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma, akienda anatokwa na damu, na kwa sababu inauma anajizuia zaidi. Kalondu alimpelekea papai lililoiva na maji, kila siku, na akamrudisha kwenye nepi kama mtoto mdogo mpaka hofu ikaisha. Ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo ingechukua kumngoja. Kalondu alikufa miaka michache baadaye, na nilimzika nikiwa na viatu vya plastiki. Nadhani angecheka.

Nikahamishiwa chini, mahali panaitwa Kwa Vonza. Watu wa Mbooni hawajui maji ni nini kwa sababu wanayo. Kwa Vonza nilifundishwa upya. Mvua ikikata, mama anakwenda mtoni, na mto ni mchanga mtupu, anachimba, anangoja maji yajikusanye kwenye shimo, anachota kwa kata mpaka mtungi ujae, anabeba mgongoni. Nepi moja ikilowa unajua imekula nini. Ndiyo maana kina mama wa huku huanza kumsukuma mtoto mapema, na huanza wakati mbaya zaidi, kiangazi, maji yakiwa yamekwisha na subira pia. Mimi nikaweka sheria yangu: tunaanza mvua ikinyesha. Mapipa yakiwa yamejaa, mtoto akikosea unafua tu, humwangalii kwa jicho baya. Tena usianze kukiwa na mtoto mpya nyumbani, au mnahama, au kuna matanga. Mtoto hubeba jambo moja kwa wakati mmoja.

Sasa niwaambie habari ya Ndanu, kwa sababu Kasyoka aliniuliza kama kuna mtoto aliyenishinda. Ndanu hakunishinda.

Alikuwa anaelekea miaka mitatu. Aliletwa na nyanya yake, mama ya mama yake, mama mwembamba mwenye nyonga mbovu aliyekuwa akitembea akiegemea upande mmoja. Mtoto alikuwa amepewa jina lake, kwa hiyo nyanya alikuwa akimwita "wajina", na sisi sote tukawa tunamwita nyanya Susu, kama mtoto alivyomwita. Mama ya mtoto, Mwikali, alikuwa akishona suruali kwenye kiwanda cha nguo kule Athi River. Alikuja mwisho wa mwezi na mfuko wa mkate, akaja mpaka shuleni kuniona.

"Mwalimu, nisaidie," akasema. "Nimepata mama wa kunikalia na mtoto nikienda kazini, pale pale karibu na nyumba. Lakini amesema hataki wa nepi. Nikimpata Ndanu anajua choo ifikapo Krismasi, namchukua. Asipojua, nafasi inapewa mwingine."

"Si umwache kwa Susu mwaka mwingine?"

Akatikisa kichwa. Halafu akaniambia, "Mwalimu, leo nimefika hapo nyumbani. Unajua ameniitaje? Anti."

Basi nikaichukua kazi hiyo kama yangu. Na Ndanu alikuwa mwepesi, ishara zote anazo, mtoto wa mfano, angeweza kuwafundisha wale wengine. Mvua haikuwa imefika, nikaivunja sheria yangu kwa ajili ya Mwikali, na shule tulikuwa na tangi. Baada ya muda mfupi akawa anaenda kwenye poti mwenyewe, anavuta kaptura, anamaliza, anatangaza darasa lote lisikie. Alitangaza kama chifu.

Lakini kila asubuhi alikuja amefungwa nepi, imelowa. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya, mapaja yamechubuka mekundu. Mwikali naye akija mwisho wa mwezi anamkuta na nepi, analia, anarudi Athi River. Nikamuuliza Susu mlangoni.

"Mtoto wangu ni mzito, Mwalimu. Hajui bado."

"Hapa anajua, Susu."

"Hapa ni hapa."

Jumamosi moja nikatembea mpaka kwake. Kiangazi kilikuwa kimekaza, vumbi limepaka kila jani. Kabla sijafika nikaona ua wake wa miiba umejaa vitambaa vyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Nepi. Nilidhani kuna mapacha wamezaliwa. Nikamkuta Susu anatoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, nyonga inamvuta upande. Alikuwa amekwenda kuchimba mchangani, mama wa umri ule, wakati jirani zake wote wanawavua watoto nepi ili waokoe kikombe kimoja cha maji, na yeye anachota ya kufua nepi za mtoto asiyezihitaji.

Ndanu alinikimbilia. Nikamwambia, "Ndanu, twende poti." Akanitazama kama mtu anayemwelewesha mgeni.

"Shule poti," akasema. "Kwa Susu nepi."

Susu alitua mtungi. Hakuniangalia.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Susu."

"Basi nenda umwambie Mwikali."

"Sikuja kwa hiyo."

Akaketi kivulini mwa nyumba. "Mwalimu, wewe unafundisha vizuri. Unafundisha mpaka mtoto anaondoka. Siku huyu akijua choo ndiyo siku nitabaki na kuku. Mzee alikufa. Vijana wako Mombasa hawapigi simu. Huyu ndiye ananiamsha asubuhi. Akinilowesha ndiyo najua kumekucha."

Nikamuuliza tu, "Mwikali ulimfundisha vipi, zamani?"

Hapo akacheka kidogo, mara ya kwanza. Akanyoosha miguu yote miwili chini, nyayo zikisimama, akaacha pengo dogo katikati. "Hapa," akasema, akipiga miguu yake. "Mwikali alikaa hapa. Na kaka zake. Hakukuwa na poti."

Ndanu alikuwa anatazama. Akaja, akavua nepi mwenyewe, akaketi juu ya miguu ya nyanya yake, uso kwa uso, mikono yake kwenye magoti ya Susu. Hakuna aliyemwambia. Susu akafanya ile sauti wanayofanya wamama wote, "Isss, isss," polepole, macho yake yakiwa yamejaa. Na mtoto akakojoa pale vumbini.

"Mjinga huyu," Susu akasema. "Amejua."

Jumatatu Ndanu alikuja bila nepi. Nyumbani akawa anatumia miguu ya Susu, shuleni poti. Mvua ya Novemba ikaja, na ua wa miiba ukabaki mtupu. Krismasi Mwikali alimchukua. Sikuwepo wakiondoka. Niliambiwa Susu hakulia, alikuwa akimwambia tu Mwikali mara kwa mara asimvalishe nguo za vifungo.

Kama mnafikiri hapo ndipo kazi iliisha, bado hamjakuwa walimu. Januari, tukiwa kwenye mapumziko ya uji, Mwikali akanipigia. Alikuwa anaongea chini chini, nadhani alikuwa amejificha kwenye choo cha kiwanda.

"Mwalimu, Ndanu amekataa. Mkojo anajikojolea, na ile nyingine anaizuia. Tumbo limejaa. Nimempa papai, nimempa maji. Akiona poti anapiga kelele. Yule mama amesema akiendelea hivi mpaka Ijumaa nimrudishe nyumbani."

"Umemgombeza?"

"Kidogo."

"Acha hata hicho kidogo. Nipigie kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini. Nitakuwa kwa Susu."

Mtoto alikuwa amehama, amepata mama mpya ambaye jana alikuwa anti, nyumba mpya, mlezi mpya. Kukosea ni lazima. Hilo nililijua. Sikujua Susu angefanya nini, na njiani asubuhi ile sikuwa na mzaha hata mmoja. Ili ampate mtoto tena, alihitaji kunyamaza tu. Akinyamaza, Ijumaa mtoto yuko kwake.

Nilimweleza yote, sikuficha neno. Simu ikaita mkononi mwangu, nikaiweka sauti ya juu, nikampa. Mwikali alikuwa anaita, "Mwaitu? Mwaitu, uko?" Mama, uko? Nyuma yake mtoto analia kile kilio cha tumbo, tunakijua sisi. Susu aliishika simu kwa mikono miwili, haongei. Alitazama ua wake. Kuku walikuwa wanapita. Nilitaka kuinyakua ile simu.

"Mwikali," akasema. "Keti chini."

"Wapi?"

"Chini kwenye sakafu. Nyoosha miguu. Si hivyo, usiikunje."

"Mwaitu, hunioni."

"Nakujua. Inyooshe. Nyayo zisimame. Mwache akae juu, akutazame. Weka simu karibu na yeye." Tukasikia mikwaruzo. Kilio kikapungua. "Wajina," Susu akaita. "Wajina, ni mimi. Mm-mm. Sukuma kidogo. Mm-mm."

Tulikaa hivyo, mimi na mama mzee, tumeinamia simu kana kwamba ni redio ya matokeo ya uchaguzi. Halafu tukasikia Mwikali anacheka na kulia pamoja, na Ndanu anatangaza, kule Athi River, kwa sauti ya chifu.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila asubuhi kabambe, kile kisimu cha vitufe cha Susu, ilikuwa inaita, Mwikali yuko chini na mtoto juu ya miguu yake, na Susu anafanya sauti zake kutoka Kwa Vonza. Nilikuwa nampitia njiani kwenda shule namkuta ameshika ile simu ndogo, ameoga, amefunga leso safi, kama mtu anayengoja wageni. Baadaye Mwikali akaweka poti katikati ya miguu yake, halafu miguu ikatoka ikabaki poti. Nilimfundisha hivyo mimi mwenyewe. Ndivyo inavyofanywa, unajiondoa polepole mpaka mtoto asijue ulitoka lini.

Asubuhi moja nilimkuta Susu ameketi mlangoni, jua limeshapanda, simu iko mapajani.

"Mwalimu," akasema, "angalia hii kitu. Nadhani imeharibika. Jana haikulia. Leo pia."

Nikaitazama. Chaji ilikuwepo, mtandao ulikuwepo. Nikatoa yangu, nikatafuta jina lake, nikampigia. Kabambe ikaita mapajani mwake, kwa nguvu, kuku wakatawanyika.

"Inafanya kazi, Susu."

"Ee," akasema. "Basi amejua."

Nikakata. Nikachukua mfuko wangu, kwa sababu nilikuwa nimechelewa na uji ulikuwa unangoja. Nilikuwa nimefika kwenye ua aliponiita.

"Mwalimu. Piga tena."

Nikapiga.